Kutoka Mombasa hadi Mkekani: Jinsi ya Kujiandaa kwa Jujitsu ya Michezo ya Kanda

Mashindano ya klabu na michezo ya kanda ni vitu viwili tofauti. Kwenye mashindano ya klabu unajiandikisha mwenyewe, unalipa ada, unakutana na watu wa mkanda wako, na ukishindwa jioni unapanda matatu unarudi zako Kisauni. Kwenye michezo mikubwa, ambako jujitsu inakaa pamoja na riadha, kuogelea na voliboli, unakwenda kwa jina la nchi. Shirikisho ndilo linalopeleka jina lako, uzito wako unaandikwa miezi kabla, mkojo wako unaweza kupimwa, na mpinzani wako anaweza kuwa na mkanda mweusi hali wewe uko kwenye wa buluu. Nawaandikia vijana wa Mombasa na makocha wao kwa sababu vipaji ninaviona kila siku hapa pwani, na inaniuma kuona vinapotea kwa mambo ambayo yangetengenezwa mapema, kabla refa hajasema lolote.

1. Uliza ni jujitsu ya aina gani

Shirikisho la dunia la mchezo huu, JJIF, lina fani kadhaa chini ya jina moja. Ne-waza ndiyo ile wengi wetu tunayoifanya: mnaanza mmesimama, mnashikana gi, yaani lile vazi la mazoezi la koti na suruali, mmoja anampiga mwenzake mwereka, halafu kazi inahamia chini hadi mtu agonge kukubali au muda uishe. Hakuna ngumi wala teke. Fani ya pili inaruhusu ngumi na mateke ya kudhibitiwa mkiwa mbalimbali, lakini mkishashikana ngumi zinakoma, mnaingia kwenye mwereka na kisha kazi ya chini. Mechi yake ni dakika 3, na anayepata ippon, yaani alama kamili, katika sehemu zote tatu anashinda papo hapo. Ya tatu ni ya watu wawili wa timu moja wanaoonyesha kujihami dhidi ya kushikwa, kukabwa, kupigwa, na silaha kama fimbo na kisu, huku waamuzi wakitoa alama.

Michezo ya Dunia, ile ya fani zisizo za Olimpiki, imekuwa na jujitsu tangu 1997 ilipofanyika Lahti, Ufini. Michezo ya Asia iliingiza mchezo huu 2018 huko Jakarta na Palembang, ikaendelea nao Hangzhou mwaka 2023, na mara zote mbili iliyochezwa ni ne-waza peke yake. Kwa hivyo ukiambiwa "jujitsu imo", usiridhike. Muulize katibu wa shirikisho ni fani gani, na umwombe akuonyeshe kwa maandishi. Kijana aliyetoka karate anaweza kupoteza msimu mzima akinoa mateke kwa fani ambayo haimo kwenye ratiba. Kuanzia hapa nitazungumzia ne-waza.

2. Chagua uzito mapema, na uchague kwa akili

Kwenye michezo mikubwa hupati uzani wote unaoujua. Jakarta walikuwa na medali nane za dhahabu za jujitsu: wanaume kilo 56, 62, 69, 77, 85 na 94, wanawake kilo 49 na 62. Hangzhou zilikuwa nane vilevile, lakini wanaume waliachiwa 62, 69, 77 na 85, na wanawake wakapewa 48, 52, 57 na 63. Tazama yaliyompata mwanamume wa kilo 94: Jakarta alikuwa na mlango, Hangzhou hakuwa nao. Waandaaji hukata wanapotaka, na hakuna rufaa.

Wasichana wepesi wasome namba hizo mara mbili. Kambodia, nchi ambayo medali zake za dhahabu katika Michezo ya Asia zinahesabika, ilipata moja Jakarta kupitia Jessa Khan kwenye kilo 49. Hangzhou, kilo 48 ilichukuliwa na Meggie Ochoa wa Ufilipino. Hapa Mombasa msichana wa kilo 47 akiingia klabuni huambiwa ale kwanza anenepe. La, asiambiwe hivyo. Afundishwe.

Kujua uzito wako halisi, jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, kwa wiki mbili, kwenye mzani uleule. Ukiwa na kilo 71 na uzani unaoulenga ni 69, hizo mbili zinatoka kwa chakula: punguza mahamri, soda na viazi karai vya usiku, ubaki na samaki, mbaazi, ndengu, mboga na matunda. Ukiwa na kilo 76, sahau 69. Jenga mwili ucheze 77.

Na hili la kujifunga mifuko ya plastiki na kukimbia saa saba mchana ili jasho litoke, naomba likome kabisa. Joto la Mombasa likichanganyika na unyevu wa kaskazi, jasho halikauki mwilini, na mwili unashindwa kujipoza. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anaacha kutoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anaanguka. Kwa aliye chini ya miaka 18, kocha asikubali kukata uzito kwa namna yoyote ile.

3. Karatasi

Chelewa chelewa utapata mwana si wako, na hapa ndipo wengi wanapompata huyo mwana. Klabu iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 na iwe mwanachama wa shirikisho, maana klabu ya mtaani isiyotambuliwa haina njia ya kupeleka jina lako. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia kwa kitambulisho, lakini kwingineko andaa pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi baada ya safari. Na hata kama kitambulisho kinatosha mpakani, waandaaji wanaweza kutaka pasipoti kwa ajili ya beji ya kukutambulisha michezoni. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Cheti chake sasa hudumu maisha, kwa hivyo ukikipata kihifadhi vizuri.

Kuna jambo moja linalotusumbua sisi watu wa pwani kuliko wengine, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad, shule iliandika Mohammed, na jina la babu limo kwenye karatasi moja halimo kwenye nyingine. Mfumo wa kutoa beji za michezo haujui kwamba hao wote ni mtu mmoja. Toa karatasi zako zote leo, zipange mezani, linganisha herufi kwa herufi. Palipo na tofauti anza kurekebisha sasa, maana huo mlolongo wa ofisi unachukua muda wake. Aliye chini ya miaka 18 aongeze barua ya idhini ya mzazi.

4. Fanya mazoezi kwa kanuni za mchezo wenyewe

Mechi ya watu wazima ya ne-waza chini ya JJIF ni dakika 6. Mwereka una pointi 2. Kumpindua mwenzako ukiwa chini yake ni 2, na goti juu ya tumbo ni 2. Kuipita gadi yake, yaani kuivuka miguu yake ukamdhibiti ubavuni, ni 3. Kumkalia juu ni 4, na kumpanda mgongoni miguu yako ikiwa imemfunga kwa ndani ni 4. Kila hali lazima uishikilie sekunde tatu ndipo uhesabiwe. Akigonga, hesabu zote zinafutika na umeshinda.

Sasa tazama klabu zetu. Ukumbi ni mdogo, mikeka haitoshi, watu ni wengi, kwa hivyo karibu kila mzunguko unaanza watu wakiwa wamepiga magoti ili wasigongane. Ni busara kwa usalama, lakini michezo inaanza mkiwa wima. Kijana anaingia mkekani hajawahi kusimama na mtu anayetaka kumwangusha kwa nguvu zake zote, na ndani ya nusu dakika amepoteza pointi 2 na yuko chini. Dawa yake ipo bure: mchanga wa Bamburi au Nyali maji yakipwa. Mwereka juu ya mchanga hauumizi sana, miguu inafanya kazi maradufu, na nafasi haina mwisho. Vijana wa judo na mieleka nao waalikeni. Wanajua kusimama kuliko sisi, na michezo hiyo ina nafasi ya miaka mingi kwenye michezo ya Afrika.

Anza na kitu kimoja ukifanye hadi mwili ukifanye wenyewe. Mkono wa kulia unaingia kwenye ukosi wake wa kushoto, vidole vinne ndani na dole gumba nje, ngumi ikae juu ya mfupa wa bega chini kidogo ya shingo. Mkono wa kushoto unashika mkono wa gi karibu na kiwiko, unakunja kitambaa mpaka hakuna kilicholegea. Hapo usivute. Sukuma kidogo kwa ngumi ya ukosi, hatua moja. Mwili wake utajibu kwa kusukuma mbele, na huo ndio wakati: geuza ngumi kumshusha kichwa, vuta kiwiko chake kuelekea kiunoni mwako, na wayo wako umpige ngwala kwenye kifundo cha mguu anaotaka kuukanyagia. Ukiuwahi mguu kabla haujabeba uzito, anaanguka bila nguvu nyingi. Ukichelewa ukaupiga ushatua, utaumiza kidole chako bure. Fanya kulia, fanya kushoto, kila jioni, na usimwachie ukosi akianguka. Shuka naye, maana ndani ya zile sekunde tatu ndipo pointi ilipo.

Kwenye michezo ya aina hii watu wazima hawagawanywi kwa mikanda. Usiogope. Mwenye mkanda mweusi anajua njia nyingi, lakini dakika ni sita tu, na mtu mwenye njia mbili anazozijua barabara anaweza kumbana. Andaa hali hii mazoezini: mko 2 kwa 2, imebaki dakika moja, mwenzako ana alama moja ya faida, ile inayoamua mshindi pointi zikilingana, kocha anapiga saa. Ufanye nini? Ukikimbilia kabali kutoka mbali unapoteza muda. Mlazimishe asimame au ashuke, shika kiwiko, tafuta kumpindua. Rudia hali hiyo mpaka dakika ya mwisho isikutie papara.

Jifunze pia yaliyokatazwa. Kukipotosha kisigino ili goti lipinde, kumwinua mtu ukambamiza chini, na kupinda kidole kimojakimoja, hayo yote yatakuondoa. Na mwenye kukwepa mpambano anaadhibiwa hata kama anaongoza.

Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha. Wanaofunga wafanye ufundi wa polepole saa moja kabla ya futari, na mizunguko mizito waiweke baada ya tarawehe wakiwa wamekula na kunywa. Makocha wasiofunga waheshimu ratiba hiyo, kwani nusu ya klabu za mji huu zingefungwa bila hao vijana.

Halafu kuna suala la hewa. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, Addis Ababa zaidi ya 2,300. Kijana wa Likoni mwenye pumzi za kuvuka dakika kumi nyumbani atahema dakika ya tatu huko. Mkipata uwezo wa kuwahi wiki mbili, wahini. Msipoweza, panga mechi yako iwe ya kushika na kutulia, usirushe nguvu zote mwanzoni.

5. Gi, ngozi na kucha

Beba gi mbili, nyeupe na ya buluu, bila viraka vilivyochanika. Hapa kwetu gi iliyoloa ikikaa mfukoni usiku mmoja inaota ukungu. Ifue siku hiyohiyo, ianike penye upepo. Kifua na ukosi huchelewa kukauka, kwa hivyo igeuze nje ndani. Mikeka ipigwe deki kila siku kwa maji yenye dawa ya klorini kidogo. Choa na mapunye huenea klabu nzima kwa wiki moja, na mtu mwenye kidonda kibichi au choa kinachoonekana anaweza kuzuiwa siku ya kupimwa uzito. Tibu mapema, ukauke kabisa. Kucha za mikono na miguu zikatwe fupi, pete na hereni zivuliwe.

Dada zetu wanaojistiri wasikatishwe tamaa na mtu yeyote. Wasichana wa Falme za Kiarabu wanashindana na hijabu ya michezo. Iwe ya kitambaa cha kuvutika, isiwe na pini wala kitu kigumu, na kocha aulizie kanuni zake kwenye kikao cha ufundi, kile cha waandaaji na makocha, kabla ya siku ya mechi.

6. Dawa, dukani na mdomoni

Hatua hii naomba isomwe na wazazi pia. Mwanamichezo anawajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na mjomba. Kenya tuna shirika la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ADAK, na orodha inayotumika ni ya WADA, shirika la dunia la kazi hiyohiyo.

Kwanza kabisa, muguka na miraa. Mjini kwetu muguka umekuwa balaa la vijana, na serikali ya kaunti ilijaribu kuupiga marufuku 2024 hadi mambo yakafika mahakamani. Kwa mwanajujitsu jambo liko wazi: majani hayo yana kathinoni na kathini, na zote mbili zimo kwenye orodha ya WADA ya vichangamshi vinavyokatazwa wakati wa mashindano. Kathini ina kiwango chake, mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, lakini hakuna anayeweza kujipimia kiwango hicho barazani. Bangi vilevile imekatazwa wakati wa mashindano.

Vya pili ni vidonge vya kukojoza maji, kama furosemaidi, ambavyo baadhi ya watu hununua dukani ili kilo zishuke. Hivyo vimekatazwa wakati wote, msimu na nje ya msimu. Halafu, wakati wa mashindano, jihadhari na dawa za mafua zenye sudoefedrini, na prednisoloni ya kumeza ambayo maduka mengi ya dawa huitoa haraka kwa mzio au pumu. Ukiwa na maradhi ya kweli yanayohitaji dawa iliyokatazwa, kuna kibali cha matibabu kinachoombwa mapema kwa ADAK kupitia daktari wako. Unga wa kujenga misuli unaouzwa kwenye jimu bila maelezo, uache. Mayai na dagaa vinatosha.

7. Siku ya mzani na siku ya mechi

Kikao cha ufundi hufanyika kabla ya mechi. Kocha aende na maswali yaliyoandikwa: tunapimwa na gi au bila gi, saa ngapi, mzani wa majaribio uko wapi, aliyeshindwa ana njia ya kurudi kupigania shaba? Gi inaweza kuwa na kilo moja na nusu au zaidi, kwa hivyo swali la kwanza linaweza kukuokoa au kukuangamiza. Njia ya kurudi ni muhimu vilevile: mara nyingi aliyepoteza mapema hubaki na nafasi ya shaba, na wapo wanaovua gi kwa hasira wakakosekana jina lao lilipoitwa.

Ukishatoka mzanini, kunywa polepole. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi ni kinywaji cha kurudisha maji kisichohitaji pesa. Kula wali mweupe, ndizi, samaki kidogo. Nazi nzito na biriani viache hadi jioni.

Chumba cha kusubiria ndicho kinachowachosha wengi. Unaitwa, unakaguliwa gi na kucha, unakaa, ratiba inachelewa, mwili unapoa. Chukua kikoi au leso ujifunike magoti na mabega, na kila baada ya muda simama uruke kidogo mpaka jasho jembamba litoke. Usimtazame mpinzani wako, msikilize kocha wako peke yake.

Mkekani, inamisha kichwa, msubiri refa, shika kwanza. Ukinaswa kabali na njia imefungwa, gonga mara mbili tatu kwa nguvu, mwilini mwake au mkekani, au sema kwa mdomo mikono ikiwa imenaswa. Kabali ya shingo iliyokaa sawasawa humlaza mtu ndani ya sekunde chache, na kiwiko kilichonyooshwa kinavunjika kabla hujamaliza kufikiri. Wazazi mlioko jukwaani, mtoto akigonga mpigieni makofi. Amejilinda, na kesho atafanya mazoezi.

8. Baada ya mechi

Ukitoka mkekani anaweza kukufuata mtu mwenye beji akakuambia umechaguliwa kupimwa. Usikatae, usimkimbie, usiende kuoga wala chooni peke yako. Kukataa kunahesabiwa kama kosa. Una haki ya kuandamana na mtu wa timu yako, kuona kitambulisho cha huyo mpimaji, na kuchagua mwenyewe chombo kilichofungwa. Taja kila dawa uliyotumia wiki hiyo, hata panadol, na usome fomu kabla ya kutia sahihi. Maji kunywa kutoka chupa ambayo umeifungua mwenyewe.

Sikio likiwa limevimba na kujaa damu, limwone daktari ndani ya siku moja mbili kabla halijaganda. Aliyelazwa na kabali au kugonga kichwa asirudi mkekani siku hiyo hata akisema yuko sawa. Usiku huohuo, kabla ya kulala, mwambie kocha aandike nani alikushika wapi, pointi zilipotea dakika ya ngapi, na mwereka gani ulifanya kazi. Karatasi hiyo mtaifanyia kazi mkirudi mchangani.